Kabla Mawingu Hayajafunika Ngosi

Watu wawili wanaweza kupanda Mlima Ngosi siku moja, kwa njia moja, wakarudi Mbeya na habari mbili tofauti. Aliyefika ukingoni saa tatu asubuhi atasimulia ziwa la kijani lililolala ndani ya shimo la volkano, na mbega wakirukaruka kwenye miti ya ng'ambo. Aliyefika saa saba mchana atasimulia ukungu. Alitokwa na jasho lile lile, akateleza kwenye tope lile lile, ila alichelewa.

Hilo ndilo jambo la kwanza la kuzingatia katika kuchagua matembezi kwenye nyanda za juu za Rungwe, kati ya jiji la Mbeya na Ziwa Nyasa. Maji ya Nyasa yako mita 474 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Mlima Rungwe kipo kwenye mita 2,960, katika umbali usiofika kilomita 70. Upepo wa kusini-mashariki hubeba unyevu wa ziwa, ukakutana na ukuta huo wa milima, ukapanda, ukapoa, kisha ukashusha mvua. Ndiyo maana Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, ilhali Dodoma huambulia 600 hivi. Hata miezi ya kiangazi, Juni hadi Oktoba, jua likishika kasi mabondeni mawingu huanza kupanda, na mchana mara nyingi vilele vimekwisha kufunikwa.

Wageni wengi huuliza njia ina kilomita ngapi. Swali la maana zaidi ni mita ngapi za kupanda. Mwaka 1892 mpanda milima wa Scotland, William Naismith, alitoa hesabu ambayo hadi leo inawafaa watembeaji: saa moja kwa kila kilomita 5 za njia, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za mwinuko. Chukua mtu anayeanza kwenye mita 1,700 kuelekea kilele cha Rungwe. Mwinuko peke yake unamdai saa mbili na ushei, kabla hajahesabu hata kilomita moja ya njia. Na Naismith hakuwa akipiga hesabu ya tope la Rungwe. Udongo wa huko umetokana na majivu ya volkano. Ni laini, una rutuba ya ajabu kwa migomba, chai na viazi, lakini ukilowa hugeuka utelezi. Mwenye busara huongeza nusu ya muda aliopata, na hupanga awe ametoka msituni kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa kuwa chini ya miti giza huwahi.

Kwa anayefika mara ya kwanza, Ngosi haina mpinzani. Kutoka barabara kuu ya Mbeya–Tukuyu, upande wa Isongole, bodaboda au gari humfikisha karibu na msitu, na kutoka hapo ni saa moja hadi mbili za kupanda. Njia hupita kwenye mianzi, migomba mwitu na miti iliyovikwa kuvu na ndevu za mzee. Ni vizuri kwenda na mwenyeji mwenye macho makali, maana humo anaishi kinyonga wa Poroto, dume lake lina pembe tatu, na mgeni anaweza kumpita kwa hatua mbili asimwone. Ukingoni ziwa hujitokeza ghafla. Wapo wanaoliona kama ramani ya Afrika. Kushuka hadi majini ni habari nyingine: ukuta ni mkali, mizizi ndiyo ngazi, na baada ya mvua hakuna sababu ya kuthubutu. Mandhari yenyewe iko juu.

Rungwe ni ya wenye miguu iliyozoea. Siku nzima huishia huko, na mara nyingi kileleni hakuna la kuona ila wingu. Anayekwenda aende kwa ajili ya msitu. Humo ndimo watafiti walimpata kipunji mwaka 2003, nyani ambaye wawindaji wa vijiji vya jirani walikuwa wakimjua kwa jina hilo. Mwaka 2006 wataalamu walimpa jenasi yake mwenyewe, jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika tangu 1923. Mlima huo ni hifadhi ya mazingira asilia, kwa hiyo vibali na mwongozaji vinapangwa mapema na ofisi ya misitu.

Upande wa kusini-mashariki, karibu na Mlima Kiejo uliomwaga lava miaka takriban 200 iliyopita, kuna tahadhari isiyoonekana kwa macho. Ardhi hutoa hewa ukaa, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama kwenye mabonde madogo. Watu wa Goma, kule Congo, huita mifuko ya hewa hiyo mazuku. Bonde lenye wadudu au ndege waliokufa si mahali pa kuketi kula chakula, wala pa kumwacha mtoto acheze.

Familia yenye wazee na watoto ina pa kwenda pasipo kuhangaika. Daraja la Mungu, mwamba uliojitandika juu ya Mto Kiwira, na Kijungu, chungu cha mawe ambamo mto huo huo hujibana na kunguruma, hutazamwa kwa hatua chache kutoka njiani. Ziwa Masoko nalo liko chini zaidi, kwenye joto, na wenyeji husimulia kuwa Wajerumani walitupa humo fedha na silaha walipokimbia wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia.

Hifadhi ya Kitulo pekee ndiyo inayopindua kanuni ya kutembea wakati wa kiangazi. Maua yake, zikiwemo aina 45 hivi za okidi, huchanua kati ya Desemba na Aprili, yaani katikati ya mvua. Anayeyataka akubali kulowa, abebe koti la mvua na sweta, kwani kwenye mita 2,600 baridi haina mzaha. Akienda Julai atakuta nyasi kavu na anga safi. Usiku jalidi hutanda.

Na ikiwa mawingu yamekaa juu siku tatu mfululizo, gari la kwenda Kyela bado lipo. Chini huko Matema, milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja katika Ziwa Nyasa, na njia ya ufukweni ni tambarare. Jumamosi mtu aelekee soko la Lyulilo, ambako akina mama wa Kikisi huleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe. Afike mapema, kabla vyungu vizuri havijachukuliwa.