Watoto wa Tyler na Ada ya Dola 1,000

Saa kumi na mbili asubuhi, Septemba 1977, familia nne zenye asili ya Mexico ziliingia mahakamani mjini Tyler, Texas. Jaji William Wayne Justice alipanga kuwasikiliza mapema hivyo ili wasitambuliwe na watu. Kwenye majalada waliitwa kwa jina la bandia, Doe. Baadhi yao walikuja na mizigo imeshapakiwa kwenye gari, wakiamini kwamba wakitoka pale watarudishwa kwao.

Walichokuwa wakidai ni watoto wao wasome.

Mwaka 1975 Texas ilitunga sheria iliyozuia fedha za jimbo kusomesha watoto walioingia Marekani bila kibali. Miaka miwili baadaye shule za Tyler zikaanza kuwatoza ada ya dola 1,000 kwa mwaka. Kwa kibarua wa mashamba ya waridi, maarufu sana mjini humo, kutajiwa kiasi hicho kulikuwa sawa na kuambiwa mtoto abaki nyumbani.

Kesi hiyo, Plyler dhidi ya Doe, ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 15 Juni 1982 familia zikashinda kwa kura tano dhidi ya nne. Jaji William Brennan alieleza kuwa mtoto hakuchagua kuvuka mpaka, hivyo si haki kumwadhibu kwa uamuzi wa wazazi. Tena Marekebisho ya 14 ya Katiba yanamlinda kila mtu aliye ndani ya jimbo, awe raia au asiwe. Jaji Mkuu Warren Burger, aliyekuwa upande wa walioshindwa, naye aliona ni upumbavu kuacha watoto wakue bila elimu. Alichopinga ni mahakama kufanya kazi ya Bunge. Hata James Plyler, mkuu wa shule za Tyler aliyeshtakiwa, alisema miaka mingi baadaye kwamba alifurahi kushindwa.

Mjadala haukuishia hapo. California ilipiga kura mwaka 1994 kuwafungia watoto hao milango ya shule, mahakama ikazuia. Aprili 2025 Baraza la Seneti la Tennessee lilipitisha muswada wa kuziruhusu shule kuwatoza ada au kuwakataa kabisa, ingawa ulikwama katika Baraza la Wawakilishi. Wanaounga mkono hatua hizi wanataja gharama, na gharama kweli ipo: madarasa yanajaa, walimu wa lugha wanahitajika. Lakini wazazi hao nao wanalipa kodi kila wanaponunua bidhaa dukani, na sehemu ya kodi ya nyumba imo ndani ya pango lao.

Hukumu ya 1982 haikugusa vyuo. Mwaka 2001 Texas yenyewe iliwaruhusu vijana waliomaliza sekondari jimboni humo walipe ada ya chuo kama wakaazi, hata wasipokuwa na kibali. Juni 2025 Serikali ya Marekani iliishtaki Texas kwa sheria hiyo, na siku hiyohiyo jimbo likakubali ifutwe. Sasa kijana aliyesomeshwa kwa kodi tangu darasa la kwanza anadaiwa ada ya mtu wa nje, ambayo katika vyuo vikuu vya jimbo ni zaidi ya mara mbili. Ni hasara kwa Texas pia: inamwacha njiani muuguzi au mwalimu iliyekwisha kumgharamia kwa miaka kumi na miwili.