Deni la siri lilivyompandisha mzee presha

Mwalimu mmoja, mkazi wa Ngoingwa viungani mwa mji wa Thika, alimleta mumewe kwangu akilalamika kwamba kichwa kinamuuma kila asubuhi. Nilipompima, presha ilikuwa 180 kwa 110. Ajabu ni kwamba nilikuwa nimempa dawa miezi mitatu kabla.

"Mzee, dawa unameza?"

Alimtazama mkewe, kisha akainamisha kichwa. Alikuwa akimeza siku moja na kuruka mbili ili pesa zitoshe kulipa benki. Mkewe hakujua lolote kuhusu benki hiyo.

Biashara yake ilikuwa imeanguka, mkopo ukamshinda, na jina lake likapelekwa kwa CRB, mashirika yanayoweka kumbukumbu za wakopaji. Baadaye alipatana na benki alipe kidogo kidogo kila mwezi. Naye mkewe, bila kujua, alikuwa akiulizia mkopo wa nyumba ili wauombe pamoja. Fomu zikitajwa mezani, mzee hakula wala kulala.

Mimi si wakili, lakini maswali haya huletwa kwangu pamoja na kikohozi. Deni la mume halichafui rekodi ya mke eti kwa sababu wameoana. Wakiomba pamoja, hata hivyo, benki huchunguza rekodi na mapato ya wote wawili, na yale malipo ya kila mwezi huingia kwenye hesabu. Mke akiomba peke yake, mshahara wake tu ndio unaopimwa, na Sheria ya Ajira ya 2007 hairuhusu makato yapite thuluthi mbili. Hata hapo mume hakwepeki: kwa Sheria ya Ardhi ya 2012, nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila saini ya mwenzi. Na ikiwa mke alimdhamini mumewe katika Sacco, akiba yake mwenyewe imo hatarini.

Deni likiisha, kumbukumbu ya kutolipa inaweza kubaki miaka 5. Ni heri kila mmoja aombe ripoti yake ya CRB kabla ya kujaza fomu yoyote.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema tulipe kwa pesa za dawa ya presha! Wengi wenye presha hawahisi chochote, hivyo hudhani kuruka vidonge hakudhuru, mpaka kiharusi kiwaangushe au figo ziharibike. Ukishindwa na bei, mwambie daktari. Mzee huyu nilimbadilishia, nikampa dawa isiyo na jina kubwa la kampuni, ya bei nafuu, inayofanya kazi ile ile.

Walirudi baada ya mwezi. Presha ilikuwa 142 kwa 90, bado juu kidogo. Fomu za nyumba zimewekwa kabatini kwa sasa. Mwalimu aliniambia hajamsamehe mumewe kwa kunyamaza, lakini ndiye anayemhesabia vidonge kila jioni.