Siku ya mwisho ya festivali na bidoni tatu za juisi



Kila mara wakitangaza festivali, wengi kati yetu tunaonaka pale nafasi ya kuuzisha kitu: sambusa, maji, juisi. Leo napenda kueleza juu ya nini siku ya mwisho, ile yenye watu wengi zaidi, njo siku muuzaji mdogo anaweza kupoteza feza. Sikusoma hii kwenye kitabu. Ilinipata mimi mwenyewe, mwanafunzi wa agronomia.

Festivali Amani ya Goma munaijua. Ilipangwa kufanyika mwaka 2013, vita ikaichelewesha, ikafanyika mara ya kwanza tarehe 14 mpaka 16 mwezi wa pili 2014, kwenye uwanja wa Collège Mwanga. Ilikuwa siku tatu, ijumaa mpaka siku ya yenga. Kuingia ilikuwa dola 1 kwa siku, kwa hiyo hata motari na mama wa sokoni waliweza kuingia.

Mwezi wa pili 2020, yaya wangu alichukua feza ya likirimba, tukauzisha juisi ya marakuja inje, kwenye barabara ya kwenda kiwanjani. Ijumaa tulitengeneza litre 40, ikaisha. Siku ya posho tena litre 40, ikaisha. Usiku yaya akaniuliza: "We njo umesoma. Kesho tutengeneze ngapi?" Nikajibu bila kufikiri: "Tutengeneze mara mbili. Kesho watu wote wanakuja."

Watu kweli wakakuja. Lakini saa kumi tulikuwa tungali na litre 60: bidoni tatu zimejaa.

Nilichoelewa nyuma ni hiki. Siku za kwanza watu wanatembea: wanaingia, wanatoka, wanasalimiana, wanakunywa. Siku ya mwisho wanangojea msanii wa kufunga. Wanakaza nafasi karibu na jukwaa tangu mchana, na mwenye kutoka anapoteza nafasi yake. Tena, mtu ambaye hataki kutafuta choo hanywi sana. Jambo la pili, siku ya tatu mfuko umechoka. Kilichobaki ni cha kulipa moto ya kurudi. La tatu, mwishoni wote wanatoka mara moja, wanakimbilia moto mbele giza iingie. Nani atasimama kunywa juisi? Basi wingi wa watu si wingi wa wanunuzi.

Sasa upande wa agronomia. Marakuja iko na asidi kali, pH yake ni karibu 3. Asidi hiyo inazuia bakteria nyingi, lakini haizuii chachu. Chachu inapenda sukari, na asidi haiisumbui. Juisi ikilala ndani ya bidoni bila baridi, asubui unakuta mapovu na harufu ya pombe. Dawa yake ni joto: unaipasha mpaka karibu digrii 80, dakika chache. Kama huna kipimo, angalia mvuke na mapovu madogo pembeni ya sufuria. Usiache ichemke sana, harufu ya marakuja itapotea. Unamimina ingali moto ndani ya chupa za kioo zilizooshwa na kupashwa kwanza, zisipasuke. Unajaza mpaka juu, unafunga, unageuza chupa kichwa chini kidogo, kisha unaipoza polepole.

Nilipomweleza yaya haya yote pale barabarani, akaniangalia: "Na ulikuwa unajua hii tangu ijumaa?"

Nilikuwa najua. Nilifaulu nayo mtihani.

Tukafunga mizigo. Wimbo wa kufunga niliusikia nikiwa juu ya moto, na bidoni katikati ya magoti. Nyumbani tukawasha makala, tukaomba chupa kwa majirani. Zenye kifuniko kizuri zilitosha litre 18 tu. Litre 22 tuliuzisha usiku ule kwenye avenue kwa nusu ya bei. Litre 20 ziliharibika, tukazimwanga. Yaya aliuzisha kitenge chake kipya ili alipe likirimba.

Kwa hiyo, wewe mwenye kupanga kuuzisha: siku ya mwisho tengeneza kidogo kuliko siku ya pili, si mara mbili. Uzisha asubui na mchana, usingojee kutoka kwa watu. Tayarisha chupa na makala mbele ya siku ya kwanza, si wakati hasara imeshaingia. Na kama huna namna ya kuhifadhi, chukua kitu ambacho hakifi usiku mmoja: karanga za kukaanga, ao fromaji ya Masisi.

Leo niko na lisansi. Yaya angali anauzisha juisi, na mbele ya kila fete ananiuliza kwanza: "Kuna kitu unajua na hujanieleza?"

Na ninyi, bandugu: ni kitu gani mulisoma, na watu wa nyumbani hawajakisikia bado?