Jenereta ya Jua Nyumbani: Namna ya Kuiunganisha Bila Kuhatarisha Maisha

Tangu mgao wa umeme uliozikumba sehemu nyingi za nchi mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024, si jambo la ajabu tena kukuta nyumbani kisanduku chenye betri na inveta ndani yake, kinachochajiwa kwa paneli ya jua na kutoa umeme kupitia soketi zake chenyewe. Wauzaji hukiita jenereta ya jua. Hakina moshi wala kelele, na tofauti na jenereta ya petroli, chaweza kukaa sebuleni bila kuwatia wenye nyumba hatarini kwa hewa ya sumu. Kwa taa, simu, redio na televisheni kinafaa sana.

Tatizo huanza pale mwenye kisanduku anapotaka taa zote za nyumba ziwake kama kawaida, badala ya kuchomeka kila chombo kwenye kisanduku chenyewe. Njia ya mkato inayotumiwa na baadhi ya watu ni kuchukua waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukachomekwa kwenye kisanduku na wa pili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba nzima huwaka mara moja. Kwa kuwa huwaka, watu hudhani kwamba kazi imefanyika vizuri.

Umeme ulioingizwa kwenye soketi hauna sababu ya kuishia ukutani. Husafiri kwa waya zilezile kurudi kwenye swichi kuu, hupita mita ya LUKU, hutoka hadi nguzoni na kuendelea mpaka kwenye transfoma ya mtaa. Transfoma nayo haina upande wa kuingilia pekee na upande wa kutokea pekee. Ile inayopunguza umeme wa njia kubwa kutoka volti 11,000 au 33,000 hadi volti 230 zinazofika nyumbani, ndiyo hiyohiyo itakayoupandisha umeme wa volti 230 ukitokea upande wa nyumbani. Kisanduku kidogo kilichowekwa chini ya meza chaweza hivyo kuamsha waya wa msongo mkubwa ambao kila mtu anaamini kwamba umelala.

Ni kweli kwamba mara nyingi kisanduku huzidiwa na mzigo wa nyumba za jirani na kujizima chenyewe. Lakini hilo si la kutegemea. Waya ukiwa umekatika karibu na nyumba, kwa mfano mti ulipouangukia wakati wa masika, hakuna majirani wa kukizidia nguvu, nacho huendelea kuupeleka umeme kwenye waya uliolala njiani. Fundi wa TANESCO ana utaratibu wa kupima na kuunganisha njia na ardhi kabla ya kuigusa. Mtoto anayepita kwenda shule hana utaratibu huo. Na hapa ukimya wa jenereta ya jua hugeuka kuwa hatari: jenereta ya petroli hunguruma mtaa mzima ukasikia, na mafundi wakajua kwamba kuna nyumba inayojizalishia umeme, kisanduku cha betri hakimwonyi mtu yeyote.

Yapo madhara mengine mawili yanayomrudia mwenyewe. Plagi ikichomoka ukutani wakati kisanduku kimewashwa, vyuma vyake hubaki wazi vikiwa na umeme wa volti 230 mkononi mwa aliyeishika. Na umeme wa TANESCO ukirejea ghafla, vyanzo viwili visivyokwenda kwa mapigo mamoja hukutana kwenye waya mmoja. Inveta huungua, na moto waweza kuanzia hapo.

Wapo wanaojibu kwamba wao huzima swichi kuu kwanza. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Swichi kuu ikizimwa, umeme hautoki nje; lakini usalama wa mtaa mzima unakuwa umewekwa juu ya kumbukumbu ya mtu mmoja gizani, na siku atakapokuwa safarini utakuwa juu ya kumbukumbu ya mtoto au mgeni. Isitoshe, ile plagi yenye vyuma wazi inabaki palepale. Waya wa plagi pande mbili haufai kuwamo nyumbani kwa namna yoyote, na fundi anayekubali kuutengeneza amejitambulisha mwenyewe kwamba si wa kuajiriwa.

Kwa kaya nyingi jibu bora ni lile rahisi: kisanduku kisiunganishwe na nyumba kabisa. Taa mbili tatu za plagi, televisheni na chaja huchomekwa moja kwa moja kwenye soketi zake, au kwa ekstensheni nzuri iliyokunjuliwa yote, kwa sababu iliyoviringishwa hupata joto inapobeba mzigo mkubwa. Hakuna fundi anayehitajika, na umeme hauna njia ya kufika nguzoni.

Anayehitaji taa za darini na soketi za ukutani zifanye kazi hana budi kufungiwa swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi wengi huiita chenjiova. Swichi hii ina nafasi tatu: TANESCO, sifuri, na jenereta. Umbo lake la ndani haliruhusu pande mbili zishikwe kwa wakati mmoja. Hata mtu akisahau, chuma chenyewe hakisahau. Iwe ni ya kukata waya wa moto na waya wa nyutro kwa pamoja, si wa moto peke yake. Si lazima ibebe nyumba nzima. Mpango mzuri zaidi ni fundi kutenga saketi chache, yaani taa na soketi mbili au tatu, kwenye kisanduku kidogo cha saketi breka kinacholishwa kupitia swichi hiyo. Jiko, pasi, birika na pampu hubaki upande wa TANESCO na haviwezi kuwashwa kwa bahati mbaya.

Kisanduku hakipaswi kuingiziwa umeme wake nyumbani kupitia soketi ya kawaida. Ukutani hufungwa kiingilio maalumu ambacho vyuma vyake vimezama ndani, na waya unaotoka kwenye kisanduku huishia kwa kichwa chenye matundu. Hivyo upande wenye umeme hauachi chuma wazi hata ukichomolewa.

Jambo moja husahauliwa hata na mafundi wazoefu, nalo ni waya wa ardhi. Kwenye umeme wa TANESCO, nyutro imeunganishwa na ardhi. Ndiyo maana swichi ya kinga dhidi ya uvujaji hukata umeme pale mtu anaposhika waya wa moto. Visanduku vingi vya betri havina muungano huo. Nyumba inapohamia kwenye betri, swichi ya kinga yaweza kuwa pale pale ukutani lakini isikate inapotakiwa. Kubonyeza kitufe chake cha majaribio hakutoi uhakika, kwa kuwa kitufe hicho hufanya kazi hata pasipo njia ya ardhi. Baadhi ya watengenezaji huruhusu nyutro na ardhi ziunganishwe upande wa kisanduku, wengine hukataza. Jibu limo kwenye kitabu cha maelekezo. Fundi akisome kabla ya kushika bisibisi, na baada ya kazi apime kwa mita yake nyumba ikiwa kwenye betri, si kwenye TANESCO pekee.

Kazi hiyo kwa mujibu wa taratibu zilizo chini ya Sheria ya Umeme ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA. Mkazi ana haki ya kuomba kuiona leseni hiyo kabla ya kulipa chochote, na fundi wa kweli haoni kuwa ni matusi kuombwa.

Kabla hata ya kumwita fundi, ipo haja ya kusoma maandishi yaliyo nyuma ya kisanduku. Kinachofaa kwa nyumba za hapa nchini ni cha volti 230 na hezi 50. Visanduku vinavyoletwa na ndugu kutoka Marekani hutoa volti 120 na hezi 60; hivyo ni vya kulishia vyombo vyake vyenyewe tu, si nyumba.

Namba mbili nyingine zisichanganywe. Wati huonyesha mzigo ambao kisanduku chaweza kuubeba kwa mara moja. Wati-saa huonyesha akiba iliyomo. Tuseme kisanduku ni cha wati 1,000 na wati-saa 1,000. Kwa kuwa inveta nayo hula sehemu yake, zinazobaki za kutumia ni kama wati-saa 850. Taa tano za wati 9 ni wati 45. Televisheni wati 60, feni 50, simu na redio 20. Jumla ni wati 175, na akiba itadumu karibu saa tano, yaani kuanzia saa moja jioni hadi usiku wa saa sita hivi. Birika la wati 2,000 halitawaka kabisa. Friji ndogo huonekana nyepesi kwenye karatasi, ila mota yake inapoanza huvuta mara kadhaa ya kiwango chake cha kawaida, na ndipo kisanduku kidogo hujizima.

Chaja ya kisanduku nayo ichomekwe kwenye soketi iliyobaki upande wa TANESCO. Ikichomekwa kwenye soketi inayolishwa na kisanduku hichohicho, betri itajilisha yenyewe kwa yenyewe huku ikipoteza nguvu kila dakika, na mwenye nyumba ataamka asubuhi akidhani ameuziwa betri mbovu. Kisanduku kikae kivulini, mahali pakavu penye hewa, mbali na jiko na mapazia. Kilichovimba, kulowa au kutoa harufu ya kuungua kisichajiwe tena.

Kazi ikimalizika, fundi aache mchoro wa saketi alizozitenga, na abandike karibu na mita maandishi yanayosomeka wazi kwamba nyumba hiyo ina chanzo cha pili cha umeme na mahali swichi yake ilipo. Kila mtu mzima wa nyumba hiyo afundishwe mpangilio mmoja: kisanduku kuzimwa, swichi kupelekwa sifuri, kisha upande wa jenereta, ndipo kisanduku kiwashwe. Umeme wa TANESCO ukirejea, hatua hizo hurudiwa, ila swichi ikitoka sifuri hupelekwa upande wa TANESCO na kisanduku hubaki kimezimwa. Waliokwisha kuunganisha kwa waya wa plagi pande mbili wauchomoe leo, kisanduku kikiwa kimezimwa, na waukate plagi moja ili asiutumie mwingine. Anayeona waya ulioanguka njiani asiusogelee hata kama mtaa mzima uko gizani. Azuie watu wasipite na atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji au mtaa na kwa ofisi ya TANESCO iliyo karibu.