Majirani Wanapokimbiana: Jumuiya za Mpira wa Vyuo Vikuu vya Marekani

Ndugu wasikilizaji, askari na polisi mlioko makambini, vituoni na mipakani. Kipindi hiki kwa kawaida huzungumzia habari za nchi jirani. Leo tunavuka bahari hadi Marekani, nchi ambayo si jirani yetu hata kidogo. Lakini jambo lenyewe ni la ujirani: nani akae na nani, nani akaribishwe, na nani aachwe mlangoni. Tena jambo hilo limewagusa wanajeshi wa huko, na ndiyo sababu tumeona litawafaa ninyi.

Mpira tunaousema si kandanda yetu. Ni mchezo wa Kimarekani, wachezaji 11 kwa 11, na mpira wenyewe una umbo la yai, hubebwa kwapani, na wachezaji hugongana mabega huku wamevaa kofia ngumu. Huko mchezo huu wa wanafunzi si jambo la kupitisha jioni. Kiwanja cha Chuo Kikuu cha Michigan peke yake kinaingiza watazamaji zaidi ya 100,000.

Vyuo hivyo havichezi katika ligi moja ya taifa zima. Tangu zamani vimejigawa katika jumuiya, na msingi wa jumuiya ulikuwa ni jirani kucheza na jirani. Mwaka 1896 vyuo 7 vya sehemu za kati ya nchi, karibu na Maziwa Makuu ya huko, viliunda jumuiya ambayo baadaye iliitwa Big Ten, yaani Kumi Wakubwa. Timu ilipanda treni, ikacheza, ikarudi darasani. Leo Kumi hao ni 18, na jina halikubadilishwa. Yaelekea hesabu haifundishwi katika idara ya michezo.

Ni nini kilichovunja desturi hiyo? Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba chama kinachosimamia michezo ya vyuo hakina haki ya kuhodhi mikataba yote ya televisheni. Tangu hapo kila jumuiya ikawa huru kuuza michezo yake yenyewe. Kampuni ya televisheni haiulizi chuo kiko umbali gani na wenzake. Huuliza kina watazamaji wangapi. Mwaka 2022 Big Ten ilitangaza mikataba ya miaka 7 yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7. Kwa fedha za namna hiyo, chuo kilicho nje hutamani kuingia, na kilicho ndani huogopa kutupwa.

Mwaka 2021 vyuo vya Texas na Oklahoma vilitangaza kuhamia jumuiya ya Kusini-Mashariki, ambako viliingia Julai 2024. Mwaka 2022 vyuo viwili vya Los Angeles vilitangaza kwenda Big Ten, ambayo mwanachama wake mmoja yuko New Jersey, umbali wa karibu kilomita 4,000. Mnamo Agosti 2023 Oregon na Washington vikafuata njia hiyohiyo, na vingine vikakimbilia kwingine. Stanford na California, vyuo vilivyo karibu na Bahari ya Pasifiki, viliingia katika Jumuiya ya Pwani ya Atlantiki! Jumuiya ya Pasifiki, iliyoanza mwaka 1915, ikabaki na wanachama wawili tu: Oregon State na Washington State.

Hapa yafaa tusimame kidogo, kwa maana jina la Washington State si geni Afrika Mashariki. Ndicho chuo alichosoma marehemu Henry Rono wa Kenya, aliyevunja rekodi nne za dunia katika mwaka mmoja, 1978. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow mwaka 1980, naye alikimbilia chuo cha Texas kilichopo El Paso. Vijana kama hao hawachezi mpira wa yai, lakini hubeba mzigo wake. Timu ya mpira husafiri mara moja kwa juma, kwa ndege ya kukodi. Wachezaji wa mpira wa wavu na wa kikapu husafiri katikati ya juma, mara nyingi zaidi, nao wanatakiwa kufanya mitihani ileile. Jumuiya inapopanuliwa kwa ajili ya mpira, hao ndio wanaolala katika viwanja vya ndege.

Hasara nyingine ni ya watazamaji. Oklahoma na Oklahoma State, vyuo vya jimbo moja, vilipambana kila mwaka tangu 1910 hadi 2023. Mmoja alipohama, mchezo huo ukasimama. Ni kweli kwamba Texas na Texas A&M, waliokuwa hawajachezeana tangu 2011, walikutana tena mwaka 2024 kwa sababu wote sasa wamo katika jumuiya moja. Kwa hiyo kuhama kunaweza hata kuwapatanisha ndugu, ingawa si hilo lililokusudiwa.

Sasa tuje kwa wanajeshi. Chuo cha Kijeshi cha West Point kilianzishwa mwaka 1802, na kile cha Wanamaji cha Annapolis mwaka 1845. Timu zao zilichezeana kwa mara ya kwanza mwaka 1890. Kwa sehemu kubwa ya historia yake West Point haikuwa mwanachama wa jumuiya yoyote ya mpira. Ilijaribu kwa misimu 7, kuanzia 1998 hadi 2004, ikachapwa vibaya. Mwaka 2003 ilipoteza michezo yote 13. Ikajitoa.

Afisa mwanafunzi si mchezaji kama wengine. Akihitimu atatumikia jeshi miaka isiyopungua 5. Haruhusiwi kuuza jina na sura yake kwa matangazo ya biashara kama wafanyavyo wenzake wa vyuo vya kiraia. Hawezi kuhama kila mwaka kutafuta malipo bora. Timu yake basi haina majitu. Ina vijana wanaojuana, wanaofuata amri, na wanaobeba mpira mbele hatua kwa hatua badala ya kuutupa hewani.

Wengi walidhani timu ya namna hiyo itaangamia. Wanamaji waliingia jumuiya ya American Athletic mwaka 2015, na West Point ikawafuata mwaka 2024. Katika msimu wake wa kwanza haikushindwa na mwanachama yeyote wa jumuiya hiyo katika michezo ya ubingwa, na tarehe 6 Desemba 2024 iliifunga Tulane 35 kwa 14 ikawa bingwa, mara ya kwanza katika historia yake. Siku nane baadaye Wanamaji waliifunga 31 kwa 13. Na hapa pana sharti ambalo kwa maoni yetu lilikuwa la busara: mchezo huo wa Desemba haumo katika hesabu za jumuiya. Wanajeshi waliingia kwa masharti yao, wakaacha jambo lao la tangu 1890 mahali pake.

Ni vyuo vipi basi vifaavyo kualikwa? Sisi tungetazama kwanza kama wachezaji wa michezo yote wanaweza kwenda na kurudi bila kupoteza masomo, kisha kama nguvu zinalingana, na fedha za televisheni baadaye. Kwa kipimo hicho Stanford haikustahili kuwekwa Atlantiki, na West Point, iliyoingia kwa mpira peke yake huku michezo yake mingine ikibaki katika jumuiya ya karibu na nyumbani, ilipangwa vizuri.

Swali gumu zaidi ni la Chuo cha Jeshi la Anga kilichoko Colorado. Kimekuwa katika jumuiya ya Mountain West tangu ilipoanza mwaka 1999. Mwaka 2024 vyuo viwili vilivyoachwa Pasifiki vilianza kujenga upya nyumba yao kwa kuchukua wanachama watano wa Mountain West, waanze mwaka 2026. Miongoni mwao ni Colorado State, jirani wa Jeshi la Anga katika jimbo lilelile. El Paso, chuo cha Nyambui, ni mmoja wa walioalikwa kuziba pengo. Jeshi la Anga lingeweza kuwafuata ndugu zake wawili mashariki. Hata hivyo tayari hukutana nao kila mwaka kugombea kombe la Amiri Jeshi Mkuu, lililoanzishwa mwaka 1972, na kombe hilo halidai jumuiya yoyote. Katika mtawanyiko wa mwaka 2024 lilichagua kubaki pale lilipo, pamoja na Wyoming, New Mexico na wengine wa milimani.