Pembe za ndovu: Ujiji iliuza nyingi, imebaki na nini?

MFANYABIASHARA wa Kasingirima akiambiwa habari za kulinda tembo anaweza kudhani hazimhusu. Hapo alipo, biashara kubwa ni dagaa, migebuka na mawese, na tembo wako mbali. Lakini Ujiji ina historia ndefu na pembe za ndovu, na historia hiyo ina somo la kibiashara.

Katika karne ya 19, pembe zilivushwa ziwa kutoka Kongo hadi Ujiji. Kutoka hapo wapagazi walizibeba mabegani kupitia Tabora hadi Bagamoyo, mwendo wa zaidi ya kilometa 1,000. Biashara hiyo ilikwenda sambamba na ile ya watumwa. Faida ilibaki kwa wenye mitaji Unguja na ng'ambo, ambako pembe zilitengenezewa vibonyezo vya piano na mipira ya biliadi. Mpagazi aliambulia ujira mdogo, na wengine walifia njiani.

Mgawanyo huo haujabadilika sana. Februari 2019, mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ilimhukumu raia wa China, Yang Fenglan, na Watanzania wawili kifungo cha miaka 15 jela kila mmoja. Kesi yao ilihusu vipande 860 vya pembe vyenye thamani ya takriban Sh bilioni 13, yaani wastani wa Sh milioni 15 kwa kipande. Anayefyatua risasi porini na anayebeba mzigo kwa pikipiki au boti hupata sehemu ndogo tu ya fedha hizo, lakini ndio walio karibu zaidi na pingu.

Hasara kwa taifa ni kubwa. Sensa ya mwaka 2009 ilionyesha Tanzania ina tembo wapatao 109,000. Mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Eneo la Malagarasi na Moyowosi, linaloingia mkoani Kigoma, ni miongoni mwa yaliyoathirika. Tembo jike hubeba mimba miezi 22 na huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, hivyo kundi lililouawa kwa wiki moja halirudi upesi.

Hata hivyo, mkulima anayepakana na pori ana hoja yake. Tembo wakiingia shambani mahindi yakiwa yamekomaa, ekari nzima inaweza kuisha usiku mmoja. Kampeni inayomtaka alinde tembo bila kumweleza nani atabeba hasara hiyo haitamshawishi. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka utaratibu wa kifuta jasho, lakini kwa mazao kiwango kiliishia ekari tano, na kifuta jasho si fidia kamili. Mkulima atoe taarifa mara moja kwa mtendaji wa kijiji ili uharibifu upimwe ukiwa bado unaonekana. Serikali nayo ilipe mapema, kwa sababu anayelipwa baada ya msimu kupita hana mbegu ya msimu unaofuata.

Ipo pia njia ya kujikinga. Kenya, na baadaye vijiji vya jirani na Milima ya Udzungwa, wakulima wametundika mizinga ya nyuki kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, naye hurudi nyuma. Uzio huo haumzuii kila tembo, lakini asali inauzika, na Kigoma ni mkoa wenye mazoea ya ufugaji nyuki.

Kwa mwenye boti au bodaboda, ushauri ni mfupi. Ukiletewa mzigo usioruhusiwa kuufungua, ukatae na utoe taarifa. Kupatikana na nyara za serikali kunaweza kukupeleka jela hadi miaka 30, na chombo kinaweza kutaifishwa. Hakuna nauli ya safari moja inayolipa gharama hiyo.