Kazi ya Sindano na Maendeleo ya Nyumba katika Nakuru

Mgeni akaribishwapo katika nyumba ya mkulima wa Njoro, Molo, Subukia au Bahati, kabla hajaletewa chai huona vitambaa. Viko migongoni mwa viti, viko juu ya meza, na kimoja hakikosi kufunika redio au televisheni. Vingine vimefumwa kwa uzi mweupe, vingine vimetariziwa maua, ndege, au maneno ya dini. Wako watu wanaovicheka na kusema kwamba ni pambo la bure. Lakini kila kitambaa ni kazi ya jioni nyingi za mtu aliyekwisha choka kwa kazi ya shamba, na yafaa kujua gharama yake na faida yake kabla ya kukicheka, na pia kabla ya kuanza kukishona.

Ufundi wa zamani, mafundisho mapya

Sindano si jambo geni katika nchi hii. Huko pwani, Lamu na Unguja, kofia za mkono zimeshonwa tangu zamani kwa vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, na kofia moja yaweza kuchukua miezi. Katika Bonde la Ufa wanawake wa Kimasai na wa Kikalenjin walishona ngozi na kuzipamba kwa shanga, na wanawake wa Kikikuyu walisuka vyondo. Kitu kipya kilikuwa nguo ya pamba. Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, maduka ya Wahindi yalifuata, na katika baraza za maduka wakaketi mafundi wa cherehani. Mafundi hao kwa kawaida walikuwa wanaume. Wasichana waliojifunza kushona walijifunza katika misheni, nao walikuwa wachache. Mke wa mkulima au wa kibarua, ambaye hakusoma misheni wala hakuwa na fedha za fundi, mara nyingi alikosa njia zote mbili.

Chuo cha Jeanes kilichofunguliwa Kabete mwaka 1925 kiliwafundisha walimu, na wake zao wakafundishwa kazi za nyumbani ili warudipo kwao wakawafundishe wengine. Kisha mwaka 1952, chini ya idara ya serikali iliyoshughulikia maendeleo ya jamii, chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa. Vilabu vyake vilienea upesi: kufikia mwisho wa mwaka 1954 vilikuwa zaidi ya 500. Wanachama walifundishwa kushona, kufuma, kupika, usafi, na malezi ya watoto.

Haifai kuficha kwamba mwaka huo wa 1952 ndio mwaka Hali ya Hatari ilipotangazwa. Serikali ya kikoloni ilitumaini kwamba vilabu vingewavuta wanawake mbali na Mau Mau. Wakati uleule, Wakikuyu wengi waliokuwa wakiishi katika mashamba ya Wazungu ya Bonde la Ufa waliondolewa na kurudishwa kwa nguvu katika wilaya za Kikuyu, wakiacha mazao yao shambani na mifugo yao nyuma. Kwa hiyo walikuwako watu, wakati ule na baadaye, waliouliza: mwanamke aliyepoteza nyumba atafaidiwa nini na kitambaa cha kufunikia kiti?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake halipatikani katika kitambaa chenyewe. Mwanamke aliyefukuzwa hakuweza kubeba shamba, lakini aliyejua kukata nguo na kuishona aliuchukua ujuzi wake kila alikokwenda. Tena klabu ilikuwa mahali pa kukutana, kuhesabu fedha za pamoja, kuchagua mwenyekiti na mweka hazina, na kusema mbele ya watu. Hayo hayakufutika serikali ilipobadilika. Chama chenyewe kilipata uongozi wa Waafrika, Bibi Phoebe Asiyo akiwa Mwafrika wa kwanza kukiongoza, na kikaendelea baada ya uhuru wa mwaka 1963. Mashamba makubwa yalipoanza kugawanywa kwa wakulima wadogo katika mpango wa ekari milioni moja tangu mwaka 1962, jamaa nyingi zilijenga nyumba upya. Hapo viti vikanunuliwa, na vitambaa vikapata mahali pa kukaa.

Jambo hilo lilionekana tena katika siku za karibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu maelfu waliofukuzwa makwao walikimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru. Nyumba ziliungua pamoja na vyote vilivyokuwamo. Cherehani huungua, na vitambaa huungua. Ujuzi wa mkono hauungui. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kumfundisha mtoto kushona, nayo inatangulia pambo lolote.

Hesabu ya mshono wa msalaba

Kasoro kubwa ya kazi ya sindano nyumbani ni kuanza mengi na kumaliza machache. Chini ya kitanda cha mama wengi umo mfuko wenye vitambaa vitatu au vinne vilivyokomea nusu, na uzi wake umekwisha potea. Mara nyingi sababu si uvivu. Sababu ni kwamba kazi haikupigiwa hesabu tangu mwanzo.

Chukua mfano wa mshono wa msalaba, yaani ule ambao nyuzi mbili hupishana kama alama ya kuzidisha. Kitambaa chake kina matundu yaliyopangwa sawasawa, na kile kinachotumiwa sana kina matundu 14 katika inchi moja. Ua lenye upana wa mishono 70 na urefu wa mishono 70 litakuwa na inchi 5 kila upande. Hilo laonekana dogo. Lakini 70 mara 70 ni 4,900, na likijaa lote, hiyo ndiyo idadi ya mishono. Mama akiweza kushona mishono 100 kwa nusu saa kila jioni, ua moja litachukua jioni 49, yaani majuma saba kamili. Akitaka vitambaa sita vya viti, ni jioni 294. Aanze tarehe 1 Machi, asikose hata jioni moja, naye atamaliza tarehe 19 Desemba.

Kila mkulima wa Nakuru ajua kwamba hili haliwezekani. Machi na Aprili ni miezi ya kupanda, Mei na Juni ni ya palizi, na mwisho wa mwaka mahindi yanangoja kuvunwa. Basi mwenye busara hupunguza ua, wala hajilaumu. Ua la mishono 35 kwa 35 lina mishono 1,225 tu, robo ya lile la kwanza. Vitambaa sita vitakuwa na mishono 7,350, yaani jioni 74. Akianza Julai baada ya palizi, akashona jioni nne tu kila juma, atamaliza mwezi wa Novemba. Kitambaa kitakuwa na nafasi nyeupe nyingi zaidi, lakini kitakuwa kimekwisha.

Njia ya kufanya

Kwanza kitambaa kifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kushonwa, maana pamba mpya hurudi ikilowa, na ikirudi baada ya kutariziwa ua hukunjamana. Uzi mwekundu na mweusi ujaribiwe: uloweshwe na kubanwa katika kitambaa cheupe, ukitoa rangi, uoshwe mpaka maji yawe safi, au uachwe.

Pili kitambaa kikunjwe mara nne ili katikati ijulikane, na kazi ianzie hapo. Anayeanzia pembeni huenda akakuta kwamba ua limepita ukingo. Uzi ukatwe urefu wa dhiraa moja, tangu kiwiko hata ncha ya kidole. Ukizidi hapo husokotana na kuchakaa. Uzi wa kutarizia huwa na nyuzi sita pamoja. Kwa kitambaa cha matundu 14, mbili zatosha. Usifungwe fundo nyuma, bali mwisho wake upitishwe chini ya mishono iliyokwisha shonwa.

Tatu, na hili ndilo linalomtambulisha fundi, uzi wa juu wa kila msalaba ulale upande mmoja. Mishono mingine ikielekea kulia na mingine kushoto, ua litang'aa hapa na kufifia pale, na hakuna pasi itakayoliponya. Mwisho, kila jioni idadi ya mishono iliyoshonwa iandikwe katika daftari. Mtu aonaye kwamba amekwisha shona 900 kati ya 1,225 hatakitupa kitambaa chake chini ya kitanda.

Lipi litangulie?

Fedha za nyumba si nyingi, na shilingi iliyonunua uzi wa rangi haiwezi kununua kitu kingine. Kwa hiyo kazi za sindano zapasa kupangwa kwa zamu.

La kwanza ni kutengeneza. Usipoziba ufa utajenga ukuta: kitundu cha leo katika shati la shule hushonwa kwa dakika tano, lakini cha mwezi ujao hudai kiraka, na cha mwezi wa tatu hudai shati jipya. La pili ni sare za watoto. Shule za Kenya hufungua mwaka mwezi wa Januari, nao ndio mwezi ambao karo, vitabu na sare huja kwa pamoja. Mama anayeshona gauni la shule mwenyewe na aache upindo wa inchi tatu, na akiba kidogo ya kitambaa katika mishono ya ubavuni. Mtoto akirefuka, upindo utaachiwa, na gauni litatumika tena bila kununua kitambaa. La tatu ni joto. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, na Molo iko juu zaidi. Usiku wa Julai huko mtoto asiye na sweta hulala vibaya. La nne ndilo pambo. Kuwa la nne si kudharauliwa. Nyumba ambayo watoto wake wamevaa vizuri na viti vyake vina maua hupendeza mara mbili; lakini nyumba yenye maua vitini na matundu mashatini humwaibisha aliyeyatarizi.

Wako watakaosema kwamba siku hizi mitumba imeua kazi hii, kwa kuwa shati lililokwisha shonwa huuzwa sokoni kwa bei ndogo kuliko kitambaa chake. Ni kweli kwamba tangu miaka ya 1990 mitumba imewaondolea mafundi wengi kazi. Hata hivyo suruali ya mitumba ya mtu mnene haimfai kijana mwembamba mpaka ipunguzwe, na anayejua kuipunguza nyumbani hununua kwa bei ya mitumba akavaa kama aliyepimwa na fundi.

Kutoka nyumbani hata sokoni

Katika nchi hii ya baridi yenye kondoo, pamba si nyuzi pekee. Huko Njoro, kikundi kiitwacho Kenana Knitters kilianzishwa mwaka 1998 ili kuwapatia wanawake wa mashambani mapato kutokana na kusokota sufu na kufuma. Wanasesere wao wa sufu, wa umbo la wanyama, huuzwa hata nchi za ng'ambo. Jambo la kujifunza hapo ni kwamba kazi ya mkono hupata bei inapokuwa ya kipimo kimoja, imemalizwa vizuri, na imefika siku iliyoahidiwa. Hayo ni mazoea yaleyale ya kitambaa cha nyumbani. Ambaye hajawahi kumaliza vitambaa sita kwa ajili ya viti vyake mwenyewe asichukue fedha za mtu kwa vitambaa sitini.

Tena kazi hii si ya wasichana peke yao. Mafundi wa kwanza wa baraza za Nakuru walikuwa wanaume, na mpango wa elimu wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985 uliwaweka wavulana na wasichana pamoja katika somo la sayansi kimu, sindano ikiwa mkononi mwa wote. Karani anayekaa peke yake mjini, ambaye hulipa fedha ili kifungo kimoja kirudishwe shatini, amelipia jambo ambalo mtoto wa miaka kumi aweza kujifunza kwa siku moja.

Basi kabla ya kununua uzi wa kazi mpya, yafaa mfuko wa zamani ufunguliwe na kila kilichomo kihesabiwe: mishono mingapi imebaki, jioni ngapi zatakiwa, na uzi gani umepungua. Kilicho karibu kwisha kimalizwe kwanza. Kisichoweza kumalizwa kifumuliwe, uzi wake ukazungushwe katika kijiti kwa ajili ya kazi nyingine, na kitambaa chake kikatwe kiwe kiraka au leso ya mtoto. Kitambaa kilichokomea nusu hakifuniki kiti, na uzi uliomo ndani yake ulinunuliwa kwa fedha.